Nilisema Sina Mtoto, Naye Ndiye Aliyenichoma Sindano

Bi Yeung mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi marahaba, maana hiyo picha yako ya gazetini sijui ilipigwa mwaka gani. Nahitaji msaada wako na sina mwingine wa kumwendea, kwa sababu kila mtu ninayeweza kumwambia jambo hili ndiye huyo huyo niliyemdanganya.

Mimi ni mjane wa miaka sabini na sita, mtu wa Toisan kule China, nipo Brooklyn mwaka wa kumi na moja huu, naishi na mwanangu Wing-hon na mkewe na binti yao hapa karibu na Barabara ya Nane, mwanangu ni mfamasia, anatoka alfajiri anarudi jua limeshazama, mkewe yuko benki, mjukuu yuko shule, na mimi miaka ya mwanzo nilikuwa nashinda ndani na jokofu, nalisikiliza linavyonguruma, nalo halina habari mpya. Sisemi hivi kwa kuwalaumu, wananilisha, wananivisha, chumba changu kina dirisha.

Ilianza miaka minne iliyopita, ikaja barua ya hospitali ya macho, imeandikwa Kiingereza, nami Kiingereza changu ni asante na samahani tu, nikamwekea mwanangu mezani, akasema, "Ma, iache hapo, nitaisoma," mkewe alipopanga meza akaihamishia kwenye mlango wa jokofu akaibana na ile sumaku yenye umbo la kaa, na pale ikakaa wiki tatu, kila nikikumbusha naambiwa, "Kesho, Ma, kesho," na ilipokuja kusomwa siku ya miadi ilikuwa imepita kwa siku tano na jicho langu la kushoto limeshaingia ukungu. Sikugomba. Mtoto anachoka, namwona kwa macho yangu haya mabovu, chakula cha jioni anakula amesimama.

Barua iliyofuata sikumwonyesha. Nilisikia pale kwa wauza samaki kwamba kituo cha wazee kina dirisha la kusomewa barua, nikaenda, foleni yake bila shaka unaijua, saa kumi na mbili asubuhi unaegesha mfuko wako wa plastiki ukutani nyuma ya mifuko ya wenzio, mfuko ndio unaopanga foleni, mwenyewe unakwenda bustanini kunyoosha viungo, na ole wake atakayeusogeza. Zamu yangu ilipofika, dirishani alikuwa Bwana Tam, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mpole, akasema kabla ya kusoma barua lazima anijazie fomu, akauliza jina, akauliza mtaa, kisha akauliza, "Mama Moy, una mtoto?"

Sasa nyuma yangu, Bi Yeung, alisimama Mama Lau wa chama cha watu wa wilaya yetu, na mdomo wa Mama Lau hauna mlango, likiingia sikioni mwake asubuhi, jioni limeshafika Toisan kwa simu. Nikawaza haraka haraka, nikisema ninaye swali litakalofuata ni kwa nini basi asikusomee yeye, na nikijibu hilo, kesho watu wetu wote watajua kwamba mtoto wa Moy, tena mfamasia, mama yake anapanga foleni na mfuko kusomewa barua na mtu baki. Pia nilidhani, na mpaka leo nadhani, kwamba huduma za pale ni za wasio na kwao, na mwenye mtoto mwenye kazi nzuri akigundulika anafutwa jina. Nikasema, "Sina."

Bwana Tam akainua kalamu. "Pole, Mama Moy. Walitangulia, au hukujaaliwa?"

Nikasema, "Sikujaaliwa." Kumuua mwanangu kwa mdomo nilishindwa, nikaona afadhali asiwe amezaliwa.

Tangu siku hiyo nilipata mahali pangu duniani, nasema kweli, wananisomea barua, wananipima shinikizo la damu kila Jumatatu, kuna uji wa mchele asubuhi na mchana samaki wa kupikwa kwa mvuke na mboga, kuna mtu wa kunisindikiza hospitali na kunitafsiria mpaka jicho limepona nusu, na nikapelekwa Meza ya Tisa, ile ya karibu na bomba la joto, ambayo kila mtu anajua ni meza ya wasio na watoto. Nyumbani nilisema nakwenda kucheza dansi la mapepeo bustanini. Wakaamini. Hata theluji ikifika magotini hakuna aliyeniuliza ni dansi gani linachezwa humo.

Na pale mezani ndipo nilipompata Dada Szeto Yuet-ngo. Ana miaka themanini na mmoja, miaka thelathini ameshona matundu ya vifungo kiwandani, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake, siku ya kwanza aliniona nimesimama na sinia sijui pa kukaa akanipigia kelele, "We mgeni, njoo huku kwenye bomba! Wenye wana watapashwa joto na wana wao!" Meza nzima ikacheka, nami nikacheka, nikakaa, na tangu siku hiyo kiti kile ni changu. Dada Szeto ndiye anayetusomea ukurasa wako kila Alhamisi baada ya chakula, kwa sauti, na kila mara anakupinga, anasema wewe ni mpole mno kwa waume.

Alinieleza maisha yake yote, jinsi mama mkwe wake alivyomwita mti mkavu mbele ya wageni kwa miaka ishirini, jinsi mumewe alivyonyamaza, na alinieleza akiamini anamweleza mwenzake, kisha akaniuliza, "Na wewe, mama mkwe wako alikuwa anakuitaje?" Ningesema nini, Bi Yeung? Nikatunga. Nikamsingizia marehemu mama mkwe wangu matusi ambayo hakuwahi kuyatamka, yeye ambaye siku nilipojifungua Wing-hon alinichinjia kuku wawili akanipikia kwa tangawizi, akakaa kitandani pangu kunilisha kwa mkono wake. Dada Szeto alilia kwa ajili yangu. Machozi yale nimeyala na wali wangu miaka minne.

Msimu wa baridi uliopita tulikwenda mazishi ya mwenzetu mmoja wa Meza ya Tisa, na kwa kuwa marehemu hakuwa na mtoto wa kubeba picha yake mbele ya jeneza, ilibebwa na dereva wa gari la maiti, kaishika kwapani kama mtu aliyebeba gazeti. Tulipofika kituoni Dada Szeto akanishika mkono akasema, "Mdogo wangu, mimi sitaki kubebwa na dereva. Wewe huna mtu, mimi sina mtu. Atakayetangulia, mwenzake ambebee picha. Na siku ya kufagia makaburi amfagilie. Niahidi." Nikaahidi. Kwenye fomu za kituo tukaandikishana, mimi nikipatwa na jambo anaitwa yeye, yeye akipatwa naitwa mimi. Na sikukuu ya wazee mwaka huu, siku ya tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda yetu ya kwetu China, tumepangiwa kula kiapo cha udada mbele ya meza zote, tutainamiana na kupeana chai, na gazeti lenu linaleta mpiga picha. Dada Szeto ameshona makoti mawili ya rangi ya zambarau yanayofanana, matundu ya vifungo yote kwa mkono, na vidole vyake vile vilivyopinda.

Sasa sikia lililonipata. Wiki mbili zilizopita ilikuwa siku ya chanjo ya mafua, duka la dawa hutuma watu wao kila mwaka, sikuwa na wasiwasi kwa sababu ni duka jingine si la mwanangu, kumbe mwaka huu wamebadilisha, na mtu aliyepangwa akaugua, akaletwa mwingine badala yake. Nimekaa kwenye kiti, nimeshakunja mkono wa sweta, Dada Szeto yuko pembeni yangu ananishikia mkoba, nainua kichwa na ni Wing-hon, na koti jeupe, na fomu yangu mkononi.

Dada Szeto ndiye aliyeongea. "Mwanangu, huyu mchome taratibu. Hana mtoto, hana mjukuu, leo mkono ukimvimba hana wa kumpa hata maji."

Mwanangu akaangalia fomu. Akasema, "Hana mtoto?"

"Hana. Meza yetu yote hatuna, tumeshazoea. Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Anakula vizuri?"

Akasema, "Nilidhani anakula vizuri."

"Ulidhani!" Dada Szeto akamcheka. "Leo ukirudi mpelekee balungi, yameshafika sokoni. Na ummenyee, usimwachie amenye mwenyewe, ganda lake gumu."

Akasema, "Ndiyo, shangazi." Kisha akanigeuzia mimi fomu, akaweka kidole pale palipoandikwa mtoto, hana, na pale chini, wa kuitwa kwa dharura, Szeto Yuet-ngo, dada, akaniuliza kwa lugha yetu ya nyumbani, polepole kama anavyoulizwa mgeni, "Shangazi, maelezo haya ni sahihi?"

Nami, Bi Yeung, nilimzaa, nilimbeba mgongoni nikipanda mpunga, nikasema, "Ni sahihi." Akanipa kalamu nikatia sahihi. Akanichoma, sikuhisi, akabandika pamba, akasema, "Asante, shangazi. Anayefuata."

Jioni ile alirudi na balungi. Akakaa, akalimenya lote, akatoa hata ile ngozi nyeupe ya kila kipande, akavipanga kwenye sahani mbele yangu. Kesho yake tena. Sasa ni siku ya kumi na nne, kila jioni balungi, kila jioni kimya, mkewe anauliza kuna nini na balungi siku hizi, yeye anasema ni msimu wake. Afadhali angenitukana. Nashindwa kumeza, na nisipomeza anaona.

Nimechoka, Bi Yeung. Nimechoka kuwa tasa mchana na mama usiku. Sikukuu imebaki siku kumi na moja. Nikila kiapo nitakuwa nimemdanganya Dada Szeto mbele ya meza zote na picha itatoka gazetini, mwanangu ataiona. Nikimwambia ukweli, nimempokonya dada pekee aliye naye, na atampata wapi tena mtu wa kumwamini, kwa umri ule? Nimefikiri niache tu kwenda, niseme miguu inauma, au nihamie kile kituo kingine cha mbali nikaanze upya. Niambie la kufanya, na tafadhali badilisha majina.

Ni mimi niliyechoka, wa Meza ya Tisa.

BI YEUNG ANAJIBU

Dada yangu wa Meza ya Tisa, mimi nina miaka sabini na miwili, kwa hiyo shikamoo ni yako, na ile picha ilipigwa nikiwa bado na meno yote. Majina nimeyabadilisha, ingawa najua Barabara ya Nane nzima itakaa ikikisia, na wanawake watano watapiga simu kusema nimewaandika wao.

Kwanza pole. Miaka ishirini na sita nilikuwa mkalimani hospitalini kabla ya kuja gazetini, na sikumbuki idadi ya wazee niliowapokea na miadi iliyopita, barua imekunjwa mara nane, na kila mmoja akiniambia mtoto wake ana kazi nyingi. Wewe angalau ulijipeleka mwenyewe kutafuta wa kukusomea. Hilo lilikuwa jambo la akili, na lingeishia hapo ungekuwa mtu wa maana sana.

Lakini hukuishia hapo, ukafungua mdomo. Dada, hicho kituo ni cha kila mtu aliyetimiza miaka sitini. Awe na watoto tisa, awe hana hata mmoja. Nusu ya wale unaowasikia wakigonga vigae vya mchezo wa mahjong nyuma yako wana watoto mawakili na madaktari, na hakuna aliyewafuta jina. Nimempigia simu huyo Bwana Tam wako, bila kukutaja, nikamuuliza kwa nini anawauliza wazee habari za watoto. Akashangaa. Akasema, "Nijue wa kumpigia simu mtu akianguka bafuni." Basi. Ndiyo maana ya swali zima. Nikamuuliza na habari ya Meza ya Tisa, akasema hakuna aliyeipanga, watu walikaa tu wakaizoea. Miaka minne umeubeba uongo wa kulipia kitu ambacho ulikuwa unapewa bure.

Na ulimlinda mwanao na nani? Na Mama Lau! Mwanao hata hamjui Mama Lau. Angekuwa na haki ya kusengenywa kidogo, kusema kweli, kwa wiki tatu za ile barua. Badala yake ukamnyima hata nafasi ya kujirekebisha. Hukumwambia kwamba siku ya miadi ilipita ukaumia, hukumwambia kwamba jicho limeingia ukungu, hukumwambia kwamba unashinda peke yako na jokofu. Ulimwambia unacheza na mapepeo. Naye ni mzembe, simtetei, mtu mwenye shahada ya dawa anashindwaje kujiuliza mama yake anacheza dansi gani kwenye theluji? Mkewe naye ahesabiwe humo humo, kuweka sumaku juu ya barua si kuisoma. Lakini mtu anayemenya balungi siku kumi na nne mfululizo hajakasirika, dada. Ana aibu, na hajui pa kuanzia, kwa sababu hata wewe hukumfundisha. Nyumba yenu nzima mnajua kulishana, kusema hamjui.

Sasa nikwambie la kufanya, na usinichagulie lililo rahisi.

Kuhama kituo ondoa kichwani. Ukihama, Dada Szeto ataamini umekufa au umemchoka, na mtu wa miaka themanini na mmoja hana muda wa kukisia. Kwa mwanao pia usianzie. Najua unataka kuanzia kwake, maana yeye atakusamehe kabla hujamaliza sentensi, na ukishasamehewa nyumbani utaona huna haraka na mwingine. Anza na Dada Szeto, kwa sababu yeye ndiye unayeweza kumpoteza.

Nenda nyumbani kwake. Isiwe kituoni, ambako atalazimika kulinda uso wake mbele ya watu, na isiwe kwa simu. Usibebe supu, usibebe matunda, asije akafikiri umekuja kununua. Mwambie una mtoto, mwambie anaitwa nani, mwambie ndiye yule aliyekuchoma sindano. Hilo la mwisho usiliruke hata kidogo, kwa sababu alimtania mbele yako, alimfundisha kumenya balungi, na akija kulijua baadaye kwa mtu mwingine atajiona kachekwa. Mwambie na habari ya mama mkwe, kwamba yale matusi uliyatunga. Litakuwa gumu kuliko yote, maana pale ndipo alipokulilia. Na wewe usilie kwanza. Ukilia wewe, atalazimika kukubembeleza, na siku hiyo si zamu yako kubembelezwa.

Kisha kuna kosa moja nalijua utalifanya, kwa kuwa kila mama wa kwetu hulifanya akitaka kufuta hatia. Utataka kumwambia, "Dada, basi mwanangu atakuwa mwanao pia." Funga mdomo. Mtoto hagawiwi kama kipande cha keki ya sikukuu, na mtu aliyeitwa mti mkavu miaka ishirini hataki kukopeshwa mwana na mtu aliyemficha. Kama siku moja mwanao mwenyewe ataenda kumbishia hodi na kumwita shangazi, hiyo ni ya kwao wawili.

Ukitoka kwa Dada Szeto, hata kama amekutoa nje na koti lako, siku hiyo hiyo pita dirishani kwa Bwana Tam mrekebishe fomu. Mfuko wako upange foleni kama mifuko mingine. Na akiwepo Mama Lau nyuma yako, sema kwa sauti. Akipeleka habari Toisan atakuwa amekusaidia kuufuta uongo wako na kule.

Jioni, mwanao akimaliza kumenya, usile. Mwambie, "Wing-hon, kaa." Akikaa, mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, pamoja na jicho. Halafu umpe barua zako zote zilizobaki, na umwambie Jumapili saa nne ni saa ya kukusomea, awe amechoka au hajachoka, na siku nyingine zote unakwenda kituoni kwa sababu unapenda kwenda, si kwa sababu huna kwako. Wewe mfamasia, kama kuna mtu anakusomea ukurasa huu, saa nne ni saa nne. Na shangazi yule alikuuliza swali zuri sana, ulipaswa kuwa na jibu.

Kuhusu kiapo, hilo si langu wala lako kuamua. Ni la mwenye koti. Akisema kiapo kipo, mtakula. Akisema hakipo, umwombe Bwana Tam akiondoe kwenye ratiba bila kutaja sababu, na wewe usivae lile la zambarau.

Jambo moja la ofisini. Nakala ya jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta, kwa anwani uliyoiandika nyuma ya bahasha. Gazetini litatoka Alhamisi ijayo, na unajua nani anaisomea meza yenu gazeti Alhamisi baada ya chakula. Una siku sita. Ukitaka nisilichapishe, piga simu ofisini useme jina lako tu, sitakuuliza kitu, nitaweka la mtu mwingine. Lakini sitaki unipigie.

Huenda akakukataa. Nakwambia mapema usije ukasema Bi Yeung alinidanganya. Huenda akahama meza, akakaa na wenye wana, akakupita mlangoni kama mtu asiyekujua, na atakuwa na haki. Wewe endelea kukaa pale pale. Na usije ukadhani ukikataliwa umefunguliwa. Hukumwahidi kubeba picha yake kwa sababu wewe huna mtoto, dada. Ulimwahidi kwa sababu yeye hana, na mpaka leo hana. Siku ikifika, awe amekusamehe au hajakusamehe, utamwomba dereva akukabidhi picha, utaishika kwa mikono miwili, na utatembea nayo mbele.